Hadi Lini Tutavuka Tana Kwenda Kenya?

Kuna msemo mmoja ambao mgeni akiusikia kwa mara ya kwanza mjini Garissa hudhani ni mzaha. Mtu anayefunga mizigo yake kwenda Nairobi, Thika au Nakuru huwaaga jamaa zake kwa kusema, "Nakwenda Kenya." Akirudi, huulizwa habari za Kenya. Kadiri unavyozidi kwenda kaskazini, hadi Wajir na hatimaye Mandera, ndivyo msemo huo unavyozidi kuwa wa kawaida, na hata watoto wa shule huutumia bila kutabasamu. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyasikiliza maneno ya watu kabla ya kuyahukumu. Nathubutu kusema kwamba katika yote niliyowahi kuyasikia kuhusu maendeleo ya taifa letu, kutoka kwa wataalamu wa uchumi na kutoka kwa wanasiasa wa majukwaani, hakuna yaliyonifikirisha kama maneno hayo mawili.

Aghalabu tunapozungumzia vizingiti vya maendeleo ya Kenya hutaja ufisadi, ukabila, madeni, ukame na uhaba wa kazi kwa vijana. Sina nia ya kuondoa hata kimoja katika orodha hiyo. Ninachotaka kuongeza ni kizingiti kisichotajwa sana, labda kwa sababu sisi wengine hatujawahi kujikwaa juu yake. Katika sehemu kubwa ya nchi hii raia hutakiwa kwanza athibitishe kuwa yeye ni raia, ndipo afundishwe, atibiwe au ajengewe barabara. Garissa, Wajir na Mandera kwa pamoja ni zaidi ya moja kwa tano ya ardhi yote ya Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019, ambayo wenyeji waliilalamikia mno, ilipata humo watu karibu milioni mbili na nusu. Hao si wachache, na si wageni.

Nieleze jinsi nilivyofunguliwa macho. Mwaka huo huo wa 2019 nilikuwa nikirejea Nairobi kutoka Garissa kwa basi la asubuhi. Tulipofika kwenye kizuizi kimoja barabarani, askari aliingia akatembea polepole katikati ya viti akitazama nyuso. Wewe, shuka. Na wewe. Na wewe mama, na mtoto. Takriban nusu ya abiria waliteremka, kila mmoja na karatasi zake mkononi. Jirani yangu alikuwa kijana mwembamba, mwanafunzi wa ualimu, aliyekuwa akisomea kufundisha Kiswahili na historia. Alikuwa na kitambulisho cha taifa, barua ya chuo chake, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha baba yake iliyokunjwa hata ikaanza kuchanika. Mimi kitambulisho changu nilikuwa nimekisahau juu ya meza nyumbani. Nilikaa pale nikitunga maelezo ya kumpa yule askari. Sikuyahitaji. Alinipita kana kwamba mimi ni sehemu ya kiti.

Baada ya muda wa kama nusu saa kijana alirudi, suruali yake ikiwa na vumbi magotini, akaketi, akaendelea na swali aliloliacha katikati kuhusu upatanisho wa kisarufi wa maneno ya mkopo. Hakuwa na hasira. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye nisiyekuwa na kitambulisho, alicheka kwa adabu na kusema, "Mwalimu, wewe kitambulisho chako ni uso."

Mambo haya hayakuanza jana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejitwalia, kwa sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za mbali, uwezo wa kuzifunga sehemu za nchi hata mtu asiingie bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa maofisa nguvu za kuikamata jamii nzima na kuizuilia mifugo yake kwa makosa ya wachache. Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza NFD, ilitawaliwa kama ua wa nyuma wa koloni, mahali pa kuwazuia watu wasitoke wala wasiingie. Haikujengewa shule za kutosha wala barabara, maana mkoloni hakuona faida yoyote humo, isipokuwa umbali uliomtenganisha na Wahabeshi na Waitaliano.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyotumwa mwaka 1962 kuwauliza wenyeji maoni yao ilikuta kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 waziri wa makoloni wa Uingereza, Duncan Sandys, alitangaza badala yake kuundwa kwa jimbo la saba ndani ya Kenya, yaani Kaskazini Mashariki. Wasomali wa huko waliususia uchaguzi wa mwaka huo. Kisha tarehe 28 Desemba 1963, siku kumi na sita tu baada ya bendera kupandishwa, serikali changa ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika jimbo hilo. Vita vilivyofuata viliendelea hadi 1967, mwaka ambao Kenya na Somalia zilipatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Vita vilikwisha lakini hali ya hatari haikwisha. Iliondolewa mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa usiku ule wa Desemba 1963 alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, pengine tayari ana watoto wake mwenyewe, alipoishi kwa mara ya kwanza chini ya sheria ile ile iliyowalinda watu wa Nyeri na Kisumu.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, serikali gani isingejilinda dhidi ya watu waliotaka kuimega nchi? Swali ni la haki. Nami sisemi kwamba bunduki za waasi hazikuua. Waliua askari, wakaua machifu, wakaua raia wasio na hatia. Ila kuna tofauti kati ya kupigana na waasi na kuwageuza watu wote wa mahali kuwa washukiwa, wazee kwa watoto wachanga, kisha kuiacha hukumu hiyo isimame miaka baada ya waasi wenyewe kuweka silaha chini. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka wakati wa vita hivyo. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule. Februari 1984 ilikuja zamu ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya Mei 2013, iliona kwamba waliokufa huenda walikaribia elfu moja au hata kupita. Na mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali, na wao peke yao, waliamriwa wajiandikishe upya na kubeba kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho.

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu, ambao ni maneno, kwa kuwa ndiyo yanayoendelea kuifanya kazi ambayo sheria zilizofutwa zimeiacha.

Chukua neno "shifta". Limetoka Uhabeshi, na kwao maana yake ni mhalifu aliyekimbilia porini. Miaka ya sitini serikali yetu ililitwaa kuwaita waasi, kusudi wasionekane kuwa watu wenye dai la kisiasa, ambalo lingejibiwa kwa mazungumzo, bali wezi, ambao hujibiwa kwa risasi. Hiyo ni mbinu ya vita, na serikali zote huijua. Ajabu ni kwamba neno lilibaki baada ya vita, likahamia kwa mchungaji, kwa mwenye lori la mifugo, na kwa mtoto wa shule wa bweni huko Bara ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa vita hivyo.

Neno "wariya" lina kisa cha kuchekesha zaidi, ingawa kicheko chenyewe ni kichungu. Katika Kisomali ni neno la kumwita mwanamume, kama sisi tunavyosema "ewe bwana" au "we!". Watu wa Nairobi waliwasikia Wasomali wakiitana hivyo sokoni, wakaligeuza kuwa jina la kabila. Ni kana kwamba mgeni aje Mombasa, asikie watu wakiitana "We! We!", kisha arudi kwao akasimulie kwamba pwani ya Kenya inakaliwa na kabila la Wawe. Tumeishi na majirani hawa tangu kabla ya Uhuru na hatujajisumbua kujifunza hata kwamba tunawaita kwa mwito wao wenyewe.

Tena kuna "Sijui". Msomali wa Garissa akienda Mogadishu, wenyeji wa huko humdharau kwa jina hilo la Kiswahili, kwa sababu humsikia akichanganya lugha na humwona kuwa Mkenya. Mtu huyu akirudi Nairobi huambiwa kwamba yeye ni Msomali na aonyeshe karatasi. Kiswahili kile kile kinachomtia doa kule ndicho anachochekewa huku. Wachekeshaji wetu wa redio na televisheni wamejipatia riziki kwa kuigiza anavyosema "besa" badala ya "pesa". Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hujifunza katika wiki za mwanzo kwamba Kisomali hakina sauti ya P, na kwamba kila mtu huibeba sauti ya lugha yake ya kwanza kuingia nayo katika lugha ya pili. Mkikuyu huweza kubadilisha R na L, Mjaluo akasema "sule" badala ya "shule". Tunawachekea nao, na hayo ni ya utani. Lakini hakuna anayeteremshwa kwenye basi kwa ajili ya S yake.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, pale Wagileadi walipokaa kwenye vivuko vya Yordani wakimtaka kila apitaye atamke neno "Shibolethi". Aliyeshindwa kulitamka sawasawa alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Daraja la Garissa juu ya Mto Tana si Yordani, nami sipendi kutia chumvi. Ila mantiki ni moja: ulimi na uso wa mtu vinakuwa ushahidi dhidi yake kabla hajatenda neno.

Haki inanitaka niongeze kwamba wenzetu nao wana maneno yao. "Nywele ngumu" ndilo jina ambalo mtu wa Bara hupewa huko, na si jina la heshima. Walimu wengi kutoka Machakos na Kakamega wamelisikia likitajwa nyuma ya migongo yao, na mara nyingine mbele ya nyuso zao na wanafunzi wao wenyewe. Yapo na maneno mabaya kuliko hilo ambayo wazee wa Garissa wanayajua na ambayo ingefaa wayakemee hadharani zaidi ya wanavyoyakemea. Hata ndani ya kaunti hizo, watu kama Wamunyoyaya na Wamalakote, wakulima wa kingo za Tana ambao lugha zao zinafifia, wana malalamiko yao dhidi ya walio wengi. Anayebaguliwa hapotezi kwa hiyo uwezo wa kubagua.

Tuje kwenye shule, maana hapo ndipo jambo hili linapouma zaidi, na ndipo mimi mwenyewe sina uso wa kutazama watu.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na watu wa al-Shabaab. Abiria walitengwa, na 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Januari iliyofuata mamia ya walimu walikataa kurudi. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, na ilipofika jioni watu 148 walikuwa wamekufa, karibu wote wanafunzi. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Ndipo Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipowaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera.

Nani atamlaumu mwalimu aliyeondoka? Simlaumu. Mmoja wao nilimfundisha mimi. Alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ya upili ya Garissa, na alinipigia simu siku aliyoondoka. Alisema wanafunzi wake wa kidato cha nne walimbebea sanduku hadi barabarani, wakamwuliza nani atawamalizia tamthilia waliyokuwa wameisoma nusu. Hakuwa na jibu. Baadaye alisikia kwamba darasa hilo lilikaa majuma mengi likijisomea lenyewe, mwanafunzi mmoja akisimama mbele na kuwasomea wengine.

Ilisemwa kwamba nafasi zilizoachwa zitajazwa na walimu wenyeji. Watatoka wapi? Mwalimu wa fizikia hachipuki kama nyasi baada ya mvua. Ili Garissa iwe na mwalimu wa fizikia mwaka huu, ilihitaji miaka kumi iliyopita kuwa na mwanafunzi aliyefundishwa fizikia akafaulu, naye alihitaji mwalimu, na mwalimu huyo alihitaji mwingine kabla yake. Kwa kizazi kizima mnyororo huo ulishikiliwa na walimu wa kutoka Bara, kwa sababu Kenya huru ilichelewa mno kujenga shule za huko. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965, ule wa Usoshalisti wa Kiafrika, ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta mazao mengi zaidi kwa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Ngamia hawakuingia katika hesabu hiyo, ijapokuwa leo soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa katika Afrika Mashariki. Basi mwalimu wa Bara anapoondoka, mnyororo hukatika, na mtoto aliyekosa hesabu mwaka 2020 ndiye tunayemkosa leo katika vyuo vya ualimu. Al-Shabaab hawakuhitaji kuiteka shule hata moja, maana kuitia hofu barabara ya kuendea shuleni kulitosha.

Nilisema kwamba sina uso. Mwaka 2016, masomo yaliporejea katika chuo kikuu kile, mwenzangu aliniomba niende kufundisha muhula mmoja somo la isimu ya Kiswahili, kwani walikuwa na upungufu. Nilitoa udhuru wa kusahihisha tasnifu. Tasnifu zilikuwapo kweli, lakini zilikuwa chache, nazo zingeweza kusafiri nami. Nilikuwa nikiogopa. Nilikuwa nimeandika makala mbili za kitaaluma kuhusu Kiswahili kama lugha ya kuliunganisha taifa, na sikuweza kuvuka daraja moja kwa ajili yake. Nalitaja hili ili msomaji asidhani namnyooshea kidole mwalimu wa shule ya msingi anayepokea mshahara mdogo kuliko wangu.

Haitakuwa kweli kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na tangu 2013 kaunti hizi zimepata fedha na maamuzi ambayo hazikuwahi kuyapata. Miji ya Wajir na Mandera iliona lami kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, ulizinduliwa katika nchi kavu ile ile ambayo waraka wa 1965 haukuiona kuwa na rasilimali. Jua lilikuwapo siku zote. Hata hivyo, ugatuzi umewapatia wenyeji pia fursa ya kuonana wenyewe kwa wenyewe, na si yote waliyoyaona yanapendeza. Koo hugawana nyadhifa kabla ya kura kupigwa, zabuni hufuata ukoo, na magavana na wabunge wanaolia kwamba Nairobi imewatupa huwapeleka watoto wao kusoma Nairobi hiyo hiyo. Ule Mfuko wa Usawazishaji wa kifungu cha 204 cha Katiba, unaotenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa muda wa miaka ishirini ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, hospitali na umeme, ulitumia miaka yake ya mwanzo katika mabishano, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha kanuni zilizotungwa za kuuendesha. Muda wa mfuko ni wa kuhesabika, na mabishano hayaufanyi usimame.

Na kuhusu vitambulisho, Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa ule usaili wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walilazimika kuupitia mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama. Kwetu Kenya usaili huo huitwa "kupigwa msasa". Msasa, kama mafundi seremala wanavyojua, hupigwa ubao uliokwaruza hata uwe laini. Kijana wa Nakuru hapigwi msasa ili apate kitambulisho, maana huchukuliwa kwamba amezaliwa tayari amelainishwa. Wapo pia maelfu ya Wakenya ambao wazazi wao, wakati wa njaa, waliwaandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, ili wapate unga na matibabu ambayo nchi yao haikuwapa. Walipofika umri wa miaka kumi na minane alama za vidole vyao ziliwakana: mashine ilisema ni wakimbizi. Kwa hiyo mtoto akawa mgeni katika nchi yake kwa kosa la kushikwa na njaa.

Nililifurahia tangazo la Wajir. Wanaisimu, tangu mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, hufundisha kwamba yako maneno yanayotenda jambo kwa kule kutamkwa kwake, kama vile kadhi anapofungisha ndoa. Lakini Austin aliweka sharti: lazima wahusika wote walikubali tendo hilo na kulitimiza. Tangazo la Rais litakuwa limetendeka siku karani wa Garissa atakapopokea fomu ya msichana kutoka Dadaab bila kumwomba cheti cha babu yake, na siku askari wa kizuizini atakapoingia katika basi na kumwomba kila abiria kitambulisho, mimi nikiwemo, au asimwombe yeyote.

Kuna basi jingine ambalo nimelifikiria mara nyingi. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, watu wa al-Shabaab walilisimamisha basi na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake wa Kisomali walikuwa tayari wamewapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike, na wanaume wakawaambia wenye bunduki kwamba waue wote au waache wote. Mmoja wa waliokataa aliitwa Salah Farah, naye alikuwa mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kufa kwake, na kisa chenyewe kikatengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar huko Marekani. Ninapolilinganisha basi lile na langu, hesabu hainipendezi. Kule watu waliambiwa watengane mbele ya mtutu wa bunduki, wakakataa. Huku tulitenganishwa kwa kidole tu, na sisi tuliobaki vitini hatukusema lolote. Baadhi yetu tuliangalia simu zetu.

Yule kijana wa cheti kilichochanika sasa ni mwalimu. Anafundisha katika shule moja ya upili si mbali na Garissa, Kiswahili na historia kama alivyosomea, na hesabu kwa baadhi ya madarasa kwa kuwa hakuna mwingine. Mwaka huu aliniandikia akiomba madokezo kuhusu ngeli na vitabu vya mazoezi, kwa sababu wanafunzi wake arubaini na kitu wanagawana vitabu sita. Nilivifunga katika katoni mbili nikavipeleka Eastleigh, yanakolala mabasi ya Garissa. Kesho yake alinijulisha kwamba mzigo umefika salama kutoka Kenya. Kisha akauliza kama ningeweza kwenda kuzungumza na kidato cha nne kabla ya mtihani, kwani hawajawahi kumwona mtu aliyesomea lugha hadi akamaliza masomo yote ya chuo kikuu.

Nimemjibu kwamba nitakwenda likizo ya Agosti. Kitambulisho nitakibeba, na basi likisimamishwa, wenzangu wakiambiwa washuke, nitashuka nao.